Mwaka Tuliovunja Shule

Nyumbani kwa marehemu Mhandisi Gervas Mwinuka, kule Mbezi, maturubai yalijaa watu wa kazi yetu. Walikuwepo wakandarasi wenzake, wasanifu majengo, wauzaji wa saruji na nondo, na watu wa wizarani waliokuja na madereva wao. Kila aliyepewa kipaza sauti alitaja jengo: hoteli ya ufukweni, maghorofa ya Kariakoo, barabara ya kusini. Mimi leo naongoza kampuni yangu mwenyewe, na kazi hii alinifundisha yeye, kwa hiyo nilipopewa nafasi nami nikataja majengo. Nilikuwa bado nimesimama pale mbele nilipomwona Bi Somoe akiingia getini na buibui lake lililopauka na mfuko wa plastiki mkononi. Alikuwa ametoka Kibiti kwa basi la alfajiri. Hakutazama viti. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye mkeka walioukalia wanawake wa familia, akavua kandambili, akakaa. Nilipokwenda kumwamkia kwa kupiga goti, shemeji mmoja wa marehemu akaninong'oneza, akitaka kujua huyu mama ni nani kwake. Nikamjibu kwamba ni mtu wake wa Rufiji. Akauliza kama alikuwa mpishi wake. Nikasema hapana, na hapo nikakwama, kwa kuwa jibu halikuwa la kutolewa msibani kwa kunong'ona. Jibu lenyewe ni mwaka mzima, na sijawahi kuusimulia.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nimetoka chuo cha ufundi na cheti kipya cha fundi sanifu, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Wakati huo kote kule kulikuwa Rufiji, ofisi za wilaya zikiwa Utete, na Kibiti kilikuwa kituo cha mabasi chenye wachoma mihogo na vumbi jingi. Kutoka Kibiti ulishuka mpaka Nyamisati kwa gari, kisha ukaingia kwenye boti ukapita katikati ya mikoko mpaka ukasahau umetokea upande gani. Jina la kijiji silitaji. Watu wake walishachoka kutajwa. Kilikuwa ng'ambo ya mkono mpana wa mto, na shule ilikuwa upande wa pili. Watoto walivuka kwa mtumbwi kila asubuhi. Mwaka mmoja kabla sijafika, mtumbwi ulipinduka na mtoto mmoja hakuonekana tena. Ndipo wanakijiji wakaamua kuwa na madarasa yao. Walisomba mchanga, walivunja kokoto, wanawake walibeba maji kwa ndoo, na kampuni ya Mhandisi Mwinuka ikatoa saruji, bati na mafundi bila faida yoyote. Alikuwa mkurugenzi mwenye kazi kubwa mjini, lakini alipenda kila mwaka kampuni ijenge kitu kimoja pahala ambapo hakuna mtu angekiona.

Nilipangiwa kulala kwa Bi Somoe, mjane mwenye nyumba ya udongo na boriti karibu na saiti. Alinipa chumba cha bintiye, Siwema, na Siwema mwenyewe. Tulilala kitanda kimoja cha kamba. Alikuwa darasa la tano, mwembamba, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake, na usingizini alikuwa akitaja majedwali ya kuzidisha, akikosea ya saba kila mara palepale. Asubuhi tulikunywa uji wa mchele, na jioni tulikula wali kwa kambale wa nazi au bada, ule ugali wa muhogo, kwa kamba wadogo wa kukaanga. Bi Somoe alikula mwisho, akisimama mlangoni, akitazama kuta za shule zikipanda. Akiniuliza lolote lilikuwa kuhusu zile kuta. Alitaka kujua kwa nini tunaacha nondo zimechomoza, kwa nini zege linamwagiwa maji kama mche wa mgomba. Nilimweleza, na kesho yake nilimsikia akiwaeleza wenzake kisimani kwa maneno yaleyale, kwa fahari ya mwenye mali.

Madarasa matatu yalisimama. Kenchi za paa zilipandishwa, bati zikapigwa, na watoto wakaanza kugawana madirisha, nani atakaa wapi. Kisha nikaona ufa. Ulikuwa kwenye ukuta wa upande wa mtoni, mwembamba kama unywele, ukitoka kona ya dirisha ukishuka. Msimamizi wetu wa saiti alisema ni plasta tu. Tukauziba kwa jasi, na baada ya siku chache jasi ikapasuka. Tukaziba tena, ikapasuka tena, na sasa mlango wa darasa la mwisho ulikuwa umeanza kugoma kufungwa. Tulituma ujumbe mjini. Mhandisi alikuja mwenyewe. Alining'iniza timazi kupima kama ukuta umesimama wima, akachimbisha shimo kando ya msingi upande wa mtoni, akachimbisha jingine, akatia mkono ndani na kutoa tope jeusi laini lenye mizizi iliyooza. Upande wa pili wa jengo ulikuwa mchanga mgumu. Mto ulikuwa umewahi kupita pale, zamani, ukahama na kuacha tope lake chini. Kampuni ilikuwa imepima udongo kiangazi, haraka, upande mmoja tu. Alikaa ndani ya darasa lile tupu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mgongo ukutani, viatu vimejaa tope, na alipotoka nilimwona uso, nikajua kabla hajatamka.

Mkutano ulifanyika juani. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mpate, alitaka watu waingie darasani wakae kivulini, lakini Mhandisi akamsihi asiruhusu mtu kuingia. Basi watu wakasimama kwenye jua la mchana, pembeni ya kivuli cha jengo walilolijenga wenyewe, na hapo tayari manung'uniko yalikuwa yameanza. Mhandisi aliwaambia kosa ni la kampuni, na yeye ndiye kampuni. Akawaambia jengo litashushwa lote na kujengwa upya kwenye ardhi ya juu. Mzee Mpate akauliza, kwa adabu, kama haiwezekani kutumia madarasa mawili mazima na kuliacha lile moja. Akajibiwa kwamba kuta zimefungwa pamoja juu na chini, moja likienda litavuta mengine. Kisha Bi Somoe akasogea mbele, kanga imefungwa kiunoni kama aliyetoka kazini, na kweli alikuwa ametoka kazini.

"Litaanguka lini?" aliuliza.

"Sijui, mama."

"Mwaka huu?"

"Sijui. Linaweza kukaa miaka. Linaweza kuanguka mvua hizi, watoto wakiwa ndani."

"Basi unavunja kwa sijui," Bi Somoe alisema. "Na mtoni unawarudisha kwa unajua."

Nimesimamia mikutano mingi tangu siku ile, mingine ikiwa na mawakili pande zote mbili za meza, na sijasikia tena hoja iliyonyooka kama ile. Mhandisi alisema kwamba kampuni italeta boti ya injini, itavusha watoto asubuhi na kuwarudisha mchana mpaka shule iishe, na yeye mwenyewe atakuwa ndani ya boti hiyo. Watu wengine waliguna. Kesho yake alichukua nyundo kubwa akapiga ukuta wa kwanza kwa mkono wake. Wanakijiji walikuja kutazama, wakasimama mbali, na kila tofali lilipodondoka palikuwa na mtu aliyelijua, aliyelibeba. Mzee mmoja alilia waziwazi. Mafundi wetu walifanya kazi wameinamisha vichwa, na ilipofika jioni hakuna aliyetupatia hata maji ya kunywa. Bi Somoe alinipikia kama kawaida, akaniwekea sahani, akaondoka kwenda kukaa kwa jirani mpaka nilipokwisha kula.

Mhandisi alitimiza ahadi yake, na huo ndio mwanzo wa balaa lake mjini. Alihamia kwenye kibanda cha saiti, akaacha ofisi mikononi mwa mbia wake, Bwana Temu. Kila asubuhi alipanda boti na watoto. Alikuwa mtu wa Njombe, mtu wa milima na baridi, na maji aliyaogopa kwa namna ambayo hakuweza kuificha: alishika ukingo wa boti kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka. Watoto walicheka mpaka machozi. Siwema ndiye aliyemhurumia. Alimfundisha asitazame maji, atazame mikoko ya ng'ambo, achague mti mmoja na asiuache mpaka wafike. Nilikuwa nikiwasikia wakirudi mchana, yeye akimhoji Mhandisi kuhusu theluji kama kweli ipo, na Mhandisi akimhoji jedwali la saba. Nyumbani aliyarudia yote kwa mama yake, na Bi Somoe alisikiliza huku akitwanga, bila kuitikia. Lakini siku moja nilimwona akifunga mihogo ya kuchemsha kwenye jani la mgomba, akampa Siwema, akamwambia ampelekee yule mwoga wa maji.

Mvua zilikuja mapema na kwa nguvu. Mto ukawa na rangi ya chai ya maziwa, ukibeba magogo na visiwa vizima vya majani. Msingi mpya ulikuwa umekwisha kumwagwa kwenye ardhi ya juu, lakini kazi ya kuta ilisimama kwa kuwa saruji haikufika. Barabara ya Nyamisati ilikuwa matope, malori yamekwama Kibiti. Ndipo Bwana Temu alipotuma habari kwamba wakurugenzi wanakutana na Mhandisi asipofika watakaa bila yeye. Alikwenda, akiahidi kurudi mara moja. Akatuagiza mimi na fundi wa boti kwamba hali ya mto ikiwa mbaya watoto wabaki nyumbani.

Asubuhi ile mto haukuwa mbaya kuliko siku nyingine. Injini ndiyo iliyokataa. Petroli ilikuwa imeingia maji, na fundi alifungua kabureta akaanza kuisafisha, nami nimemshikia vipande vyake kwenye kanga. Niliwaambia watoto wasubiri. Walisubiri, sare zao zikilowa manyunyu, lakini ilikuwa siku ya mtihani, na wakubwa wao walikuwa wameanza kunung'unika kwamba watafungiwa mlango. Mvuvi mmoja akajitolea kuwavusha wachache waliokuwa na mtihani kwa mtumbwi wake. Alikuwa mzoefu, alizaliwa kwenye maji yale. Walikwishafika katikati tulipogeuka kwa sauti zao. Gogo lililokuwa likija chini ya maji liliupiga mtumbwi ubavuni, ukageuka polepole, kama mtu anayejigeuza kitandani. Mvuvi alimshika mmoja, akamshika mwingine. Wengine walining'inia kwenye mtumbwi. Watu walikuwa wakikimbia kando ya mto na mitumbwi mingine ikisukumwa majini, na mimi nikihesabu vichwa na kuanza upya, nikihesabu na kuanza upya, kwa sababu kila nilipomaliza alikosekana mmoja, na nilikuwa najua ni nani.

Walimpata maji yalipokupwa, kwenye mizizi ya mikoko, upande wetu. Alikuwa anarudi nyumbani, wanawake walisema. Wakamwosha, na mimi nikaambiwa nishike sanda, kwa kuwa nilikuwa nimelala naye kitanda kimoja. Alizikwa jioni ileile chini ya mvua. Chumbani nilishindwa kulala kwenye kile kitanda cha kamba. Nilitandika mkeka kwenye kona pamoja na wanawake wa msiba, na katikati yao Bi Somoe alikaa ameegemea ukuta, macho makavu, akiitikia pole za watu kwa kichwa.

Mhandisi alirudi kesho yake pamoja na Bwana Temu. Vijana walikuwa wamekusanyika kwenye saiti, na mmoja aliokota kipande cha tofali la lile jengo la zamani akakishika mkononi bila kukirusha. Mzee Mpate alisimama mbele yao mpaka wageni wakapita. Mchana ule nilikwenda kibandani kuchukua nguo zangu za kazi, nikawasikia wale wawili ndani, kupitia ukuta wa mabanzi. Bwana Temu hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole. Alisema lile jengo huenda lingekaa miaka ishirini. Alisema waondoke wote leo kabla ya giza, kampuni itume rambirambi na itafute mkandarasi mwingine wa kumalizia. Akasema kwamba wakurugenzi wameshaamua, Mhandisi akibaki huku basi uongozi wa kampuni si wake tena. Kilichofuata kilikuwa sauti ya Mhandisi, chini sana, ikisema kwamba hajui kama ana haki ya kubaki wala kama ana haki ya kuondoka, na kwamba atakwenda kumuuliza mwenyewe.

Alikuja akitembea kwa miguu mitupu kwenye tope, akasimama nje ya mlango wa Bi Somoe. Nilikuwa nimekaa karibu na mama huyo kiasi cha kusikia anavyopumua. Mhandisi alitoa pole. Hakujitetea. Alisema tu kwamba wenzake wanataka aondoke leo, na kwamba akisema neno moja yeye Bi Somoe, ataondoka asimwone tena maisha yake yote.

Bi Somoe aliinua macho akamtazama.

"Ukiondoka," alisema, "nitabaki namlaumu Mungu, na hilo mimi sitaki. Kaa hapa nikuone. Nikulaumu wewe."

Alikaa. Bwana Temu aliondoka na boti siku hiyohiyo, na pamoja naye mafundi wengi. Barua ya kumwondoa Mhandisi kwenye uongozi ilifika kabla mvua hazijaisha. Aliisoma amesimama, akaikunja, akanituma nikaangalie kama zege limekauka. Tulibaki watu wachache, na siku za kwanza hakuna mwanakijiji aliyekuja kutusaidia. Saruji ilipofika tulishusha wenyewe kutoka kwenye boti, mfuko kwa mfuko, mgongoni. Kisha asubuhi moja Bi Somoe akatokea na ndoo ya maji kichwani. Aliimimina kwenye pipa, akarudi kisimani, akaleta nyingine. Mhandisi alimwamkia. Hakuitikia. Wanawake wengine wakaja nyuma yake, na baada yao wanaume. Katikati ya kazi Bi Somoe angeweza kusimama na kumwambia Mhandisi, mbele ya watu wote, kwamba leo Siwema angekuwa amevaa sketi mpya, au kwamba leo wenzake wamepewa matokeo ya ule mtihani. Alisema bila kupaza sauti, kama mtu anayetoa taarifa. Mhandisi aliweka chini alichoshika, akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia, "Ndiyo, mama," akaendelea na kazi. Nilidhani siku moja ataanguka pale alipo. Usiku nilimsikia akilia kibandani, na asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye boti ya watoto, macho yameng'ang'ania mikoko ya ng'ambo.

Mwezi wa mwisho wa mvua, pale lilipokuwa jengo la kwanza, ardhi ya upande wa mtoni ilizama. Haikutoa kishindo. Tuliamka tukakuta shimo refu limejaa maji, na ule msingi wa zamani umekatika na kuinamia ndani. Kijiji kizima kilikuja kutazama. Vijana walisimama pembezoni, na yule aliyewahi kushika tofali alimsogelea Mhandisi akampa mkono. Nilitegemea angalau uso wake ungelegea. Alitikisa kichwa tu. Aliniambia baadaye, tukiwa tunakunja mkanda wa kupimia, kwamba alikuwa ameomba aonyeshwe kama lile jengo lingesimama au lingeanguka, lolote kati ya hayo, ili ajue. Na sasa anajua, na haimsaidii kitu. Bi Somoe hakwenda kulitazama lile shimo. Mtu alipokwenda kumhadithia, alimwambia yeye ana vyombo vya kuosha.

Shule ilifunguliwa kiangazi. Wakubwa walitoka Utete, wakakata utepe, wakataja kampuni, na kampuni ilimtuma Bwana Temu kupokea shukrani. Mhandisi alikaa nyuma na mafundi. Nilimwona Bi Somoe akizunguka jengo peke yake wakati hotuba zinaendelea, akipitisha kiganja ukutani mpaka akamaliza pande zote nne. Kisha akaja kusimama mbele ya Mhandisi, aliyekuwa amekwishafunga begi lake.

"Unakwenda," alimwambia.

"Ndiyo, mama. Kazi imekwisha."

"Yangu haijesha. Mwakani uje."

Akaja. Mimi nilikuwa nimeshaajiriwa kwake tena, kwenye kampuni ndogo aliyoianza upya kwa chumba kimoja na meza moja, na nilimsindikiza. Alikuja na mwaka uliofuata, na uliofuata, hata alipokuwa mkurugenzi mkubwa kuliko alivyokuwa mwanzo, mwenye majengo ambayo watu wangeyataja msibani kwake. Alikwenda bila waandishi wa habari. Mara alichimba kisima, mara alitengeneza gati, mara hakujenga kitu, alikaa tu siku nzima kwenye kigoda nje ya nyumba ya Bi Somoe. Bi Somoe alimpikia wali kwa kambale, akamtazama anakula, akamweleza Siwema angekuwa na umri gani sasa, angekuwa ameolewa na nani, angekuwa amesomea nini. Hakumwambia kwamba amemsamehe, na yeye hakuuliza. Mwaka jana hakwenda. Alikuwa amelazwa, na alikuwa ametukataza tusimwambie mtu. Wiki mbili baada ya siku zake za kwenda kupita, simu yangu iliita. Alikuwa Bi Somoe, sauti imejaa hasira, akitaka kujua mwanaume yule amechelewa wapi.